Lori Ambalo Joakimu Hakulipita

Tangu turudi Muheza kwa likizo, hakuna siku iliyopita bila mtu kubisha hodi, akanywa chai yetu, kisha akauliza ilikuwaje kule njia ya Kasulu. Nimesimulia mpaka sauti imenikauka. Kuna waliokipeleka kisa hiki Tanga mjini kikiwa na simba ndani yake. Basi nimeona nikiandike mwenyewe, ili atakayekuja kesho nimpe karatasi asome, nami ninywe chai ikiwa bado ya moto. Hakuna simba. Habari za kuomba ruhusa na barua za usafiri nimeziacha, maana zinamchosha hata aliyezipitia.

Kasanda hadi Kibondo

Tuliondoka Kasanda alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Nilikuwa mwalimu pale kwa mwaka wa tatu, mtu wa pwani niliyepelekwa na barua nikabakizwa na mke. Mke wangu, Anjela, ni Muha wa Kasulu. Mtoto wetu wa kwanza tulimzika Kasanda kabla hajapewa jina, kwa kuwa alikaa vibaya tumboni na hospitali ilikuwa mbali. Safari hii muuguzi alituambia bila kuficha kwamba huyu wa pili azaliwe kwenye hospitali ya misheni karibu na Kasulu, penye daktari wa kupasua. Tukapanga kwenda wiki tatu kabla ya siku zake, Anjela akakae kwa mama yake na kusubiri. Sikuwa na jambo jingine kichwani, na usiku mwingi nilikuwa nimelala macho.

Gari lilikuwa Landrova ya mradi wa visima. Dereva wake, Joakimu, alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Makere, mpole kiasi kwamba ukimuuliza jambo anakutazama kwanza kama anakuomba radhi. Alikubali kutuchukua kwa kuwa alikuwa akienda Kasulu kuchukua mabomba. Nyuma alitandika godoro, akaweka na mto wa kwake mwenyewe.

Ilikuwa kiangazi, wakati wanapochoma nyasi, na milima yote ya Buha ilikuwa ikifuka moshi mwembamba. Jua lilipotoka, moshi, ukungu na vumbi vilichanganyika vikawa kitu kimoja chenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Miti ya porini ilitokea pembeni, ikasimama kidogo, ikapotea. Sikujua tunakwenda mbele au milima ndiyo inayorudi nyuma. Anjela alikuwa akiimba kwa midomo iliyofungwa, nami nikawa nasinzia na kuamka, nasinzia na kuamka, na kila nikiamka wimbo ni uleule.

Kabla ya Kibondo tulilikuta lori moja likijikongoja mlimani. Joakimu hakulivamia. Alikaa nyuma kwenye vumbi, akangoja. Baada ya kona mbili, indiketa ya kushoto ya lile lori ikaanza kuwaka na kuzima. Hapo ndipo alipokanyaga mafuta, akapita, akapiga honi mara mbili fupi. Nilimuuliza ni sheria ya nani. Akanieleza taratibu kwamba kwenye barabara hii wa mbele ndiye mwenye macho, wa nyuma ana vumbi tu. Kwa hiyo wa mbele akiona njia nyeupe humpa mwenzake taa ya kushoto. Akiona gari linakuja humpa ya kulia, maana yake ngoja. Na ukishapishwa unashukuru kwa honi mbili, si tatu, kwa sababu tatu ni majivuno. Nilipenda sana jambo hilo. Kwetu magari hugombea barabara kama kuku kwenye mtama.

Kibondo

Kibondo tulitaka kupita tu, lakini tairi ilikuwa na mawazo yake. Fundi aliitoa, akaiziba, akaipulizia, akaitia majini, akaiziba tena. Sisi tukakaa kwenye mgahawa wa mama mmoja aliyepika ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Nikamuuliza, kwa upole wote wa mtu mwenye njaa, kama hana cha nazi. Alinitazama kwa huruma, akamuuliza Anjela kwa Kiha kama mumewe ni mgonjwa. Anjela alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akala sahani yake na nusu ya yangu, nami nilimtazama akila nikaona kwamba mambo yatakuwa mazuri.

Tuliondoka jua likiwa limeshapita utosini.

Kibondo hadi Nyakitonto

Hapa ndipo penye kisa. Tulikuwa tumeacha Kibondo nyuma sana, tumeshavuka daraja la mbao na kuanza kupanda tena, Anjela aliponishika mkono kutoka nyuma na kuufinya. Nilidhani anataka maji. Nilipogeuka nikaona uso wake, nikajua. Wiki tatu zetu zilikuwa zimefutwa. Kurudi Kibondo kulikuwa mbali kuliko kwenda mbele, na mbele ndiko alikokuwa daktari. Nilimwambia Joakimu akimbize gari. Akakimbiza kweli, na kwa muda mrefu nilisikia mawe tu yakigonga chini ya miguu yangu.

Kisha tukalifikia lori la pili.

Lilikuwa limejaa magunia ya maharage hadi juu, linakwenda mwendo wa mtu anayetoka msibani. Juu kabisa ya magunia alikaa mwanamke, peke yake, akiwa ameelekea nyuma, yaani kwetu. Alikuwa amejifunika khanga kichwani mpaka usoni. Vumbi lilipopanda alipotea. Vumbi liliposhuka alikuwepo palepale, ametulia, hashiki kitu, anayumba pamoja na mzigo. Nakumbuka nilijiuliza kama namwona kweli au ni usingizi.

Indiketa ya kushoto ikawaka. Nikashusha pumzi. Joakimu hakupita. Badala yake alipunguza mwendo, akarudi nyuma ndani ya vumbi mpaka yule mwanamke akawa kivuli tu.

Nikamwambia tumepewa njia. Akasema, "Nimeona, mwalimu." Lakini hakupita. Taa ikawaka mara ya pili, barabara mbele ikiwa imenyooka na nyeupe mpaka kwenye kilima. Akapunguza tena. Mara ya tatu dereva wa lori alitoa mkono mzima dirishani, akatuita kama mtu anayekaribisha wageni mezani. Joakimu aliinamisha macho. Kadiri lori lilivyotupisha kwa kupunguza mwendo, ndivyo na sisi tulivyopunguza, mpaka nikaona mwanamume mmoja mwenye baiskeli ya ndizi akitupita sote wawili na kutuamkia.

Nyuma Anjela alikuwa akipumua kwa meno. Sitaki kuficha nilivyokuwa. Nilimwita Joakimu mwoga. Nilimwambia kwamba mwanangu wa pili akifa, atakuwa amemuua yeye kwa vumbi. Nikanyoosha mkono nipige honi, niipige mpaka lile lori liingie mtaroni, naye akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akaniomba kwa sauti ndogo nisimfanyie hivyo.

Anjela ndiye aliyesema. Alingoja uchungu umwachie kidogo, akasema, "Mwache. Yule juu lazima ni mama mkwe wake."

Mimi ni mtu wa kuja. Nilikuwa nimeona wanaume Kasanda wakiacha njia na kuingia kwenye mihogo wanapokutana na mama wa wake zao, nikadhani ni aibu za vijana. Sikujua kwamba mtu hampiti mama mkwe wake njiani, wala hamkabili uso kwa uso, wala hamtimulii vumbi. Joakimu aliitambua ile khanga tangu mbali. Kumpita ilikuwa kumkaribia, kumtazama machoni, kisha kumwachia vumbi lake lote usoni. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Niliona kwamba naye anataka kupita kama mimi, tena pengine zaidi, na mkono wake unakataa.

Nyakitonto

Karibu na Nyakitonto lori lilitoka kabisa barabarani, likasimama kwenye majani. Nasi tukasimama, hatua kama mia nyuma yake. Nilisikia panzi, na Anjela.

Dereva wa lori akashuka, akaja kwetu na dumu la maji na spana mkononi. Alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, mtu wa Ujiji, akajitambulisha kwa jina la Rashidi. Alikuwa na hakika kwamba gari letu lina ugonjwa. Akatuuliza ni rejeta au ni petroli, maana ametupa njia mara tatu na hajawahi kuona gari zima linakataa njia. Nilimweleza kwa maneno yaliyogongana. Alitazama nyuma ya Landrova, akamtazama Joakimu, akatazama juu ya magunia yake, akaweka dumu chini. Alikuwa ameishi na Waha miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akarudi kwenye lori akitembea upesi.

Yule mama akashuka. Nilitegemea atajitenga porini ili tupite, na nadhani ndivyo alivyokusudia, kwa kuwa alianza kuelekea kwenye nyasi. Lakini Anjela alilia, naye akasimama, akageuka, akaja kwetu moja kwa moja. Joakimu alifungua mlango wa upande wa pili akatoka mbio, akaenda kusimama nyuma ya mti, ametupa mgongo. Mama aliingia nyuma, akamwamkia Anjela kwa Kiha, hata kwa wakati ule, salamu nzima na majibu yake. Kisha akamshika tumbo. Aliponigeukia alizungumza Kiswahili cha kuchagua maneno.

"Huyu haendi peke yake na wanaume. Mimi nakwenda naye."

Sasa tazameni shida yetu. Yeye akipanda, Joakimu hawezi kuendesha. Joakimu akiendesha, yeye hawezi kupanda. Mzee Rashidi ndiye aliyekata shauri. Alimwita Joakimu kutoka nyuma ya mti, akamuuliza kama amewahi kushika lori. Joakimu akajibu kwamba alijifunzia lori. Wakabadilishana. Ile Landrova Joakimu hajawahi kumwachia mtu hata aisogeze, na mkubwa wake akijua angempokonya kazi, lakini alimkabidhi mzee wa watu. Mama akaniambia na mimi nibaki, nafasi haipo na kazi yangu haipo. Nilimshika Anjela mguu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Mlango ukafungwa.

Mzee aliyekuwa akienda mwendo wa msiba aliondoka pale kama kijana. Nilisimama nikitazama vumbi lao likipanda kilima, likikaa juu kidogo, likishuka upande wa pili.

Nyakitonto hadi Makere

Lori lile lilinuka maharage na mafuta. Halikuweza kukimbia hata ungeliomba. Nilikaa mahali pa abiria na mikono yangu haina kazi. Milima ilifunguka na kujifunga, nyumba mpya za vijiji zikapita zimejipanga kandokando ya barabara, kuta bado mbichi, na mbele ya kila nyumba kulikuwa na mtu aliyetupungia mkono. Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu kwa sababu ya moshi. Mara mbili nilisikia Anjela akiniita, mara mbili nikageuka, nikaona magunia.

Nilimwomba Joakimu radhi kwa lile neno. Akasema hakulisikia, ingawa sote tulijua alilisikia. Kisha akaongea zaidi ya alivyoongea siku nzima. Alisema yule mama alimpa binti yake wakati yeye hana ng'ombe wala jembe, ndugu wote wa mke wakiwa wamekataa, akasema huyu kijana ana adabu, inatosha. Tangu hapo amekuwa akiilinda hiyo adabu kwa kuwa ndiyo mali aliyoolea. Alipoona ile khanga mbele yetu alitaka kulia.

Basi moja likatokea nyuma, likitaka kupita kwa haraka zake. Joakimu alitazama mbele, akawasha indiketa ya kushoto, akasogea mpaka matairi yakakanyaga majani. Basi likapita na honi zake mbili, na vumbi lake likaingia mdomoni kwangu. Nilikasirika. Niliona dunia nzima imeruhusiwa kufika Kasulu isipokuwa mimi. Nikamuuliza kwa nini anampisha mtu ambaye huenda anawahi pombe tu. Akafikiri kidogo.

"Sijui anawahi nini, mwalimu. Hata yule mzee alipotupa taa, hakujua."

Gari lililofuata, nilitoa mkono wangu mwenyewe dirishani nikalipungia lipite, na lililofuata pia.

Makere

Kabla ya kuingia Makere watu watatu walitusimamisha, kila mmoja na habari yake. Wa kwanza alisema Landrova imepita inaruka. Wa pili alisema haikupita, ilisimama pale kwenye bonde. Wa tatu alisema ilisimama, wakashusha kitu, wakaondoka. Joakimu akasimamisha lori bondeni. Pembeni ya barabara nyasi zilikuwa zimelala, na palikuwa na damu, si kidogo.

Kulikuwa na kibanda karibu, cha mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, na Kiswahili hakikuwa kimemfika. Joakimu alizungumza naye, Kiha na Kirundi vikasikilizana, nami nikatazama midomo yao. Akanitafsiria bila kuniangalia. Walimwomba wembe mpya na uzi, akawapa. Mzee alikaa barabarani amegeuka, akizuia magari kwa mikono. Halafu wakaondoka mbio.

Nikamwambia amuulize kama mtoto alilia.

Joakimu alichelewa kuuliza. Yule mama alijibu neno moja refu, akashika kifua. Joakimu akasema, "Anasema hakumsikia."

Yule mama mkimbizi alinipa maji kwenye kibuyu, nikayashika bila kuyanywa, akakichukua kibuyu taratibu mkononi mwangu. Sijui kama niliaga.

Makere hadi Kasulu

Sehemu hii sina mengi. Nakumbuka vilima vya buluu upande wa magharibi, wanawake wakirudi na kuni, na nikawa nahesabu mashimo ya barabara ili nisihesabu kitu kingine. Nilianza kuwaza namna ya kumwambia mama yake Anjela. Nilifika mpaka neno la tatu, nikarudia mwanzo, tena na tena.

Hospitali ilipoonekana jua lilikuwa linagusa milima. Landrova ilikuwa chini ya mti mbele ya wodi, milango wazi. Mzee Rashidi alikuwa akiosha godoro kwenye bomba, suruali imekunjwa, na aliponiona alionyesha kwa kidole tu mlango wa kuingia. Nilitaka kumsoma usoni lakini alikuwa ameinama.

Muuguzi alinizuia mlangoni, akaniuliza mimi ni nani. Kisha akaniambia kwamba Anjela alikuwa akivuja damu vibaya na daktari ameisimamisha. Angechelewa kidogo tu, alisema, angekuwa ananipa pole. Nikamuuliza mtoto. Akanitazama kama niliyeuliza kitu cha ajabu, akasogea pembeni.

Anjela alikuwa amelala, mweupe midomo, lakini kifua kinapanda na kushuka. Kando yake, ndani ya ile khanga niliyoitazama mchana kutwa juu ya magunia, kulikuwa na msichana mdogo kuliko nilivyowahi kumwona mtu, amekunja ngumi, ana hasira na ulimwengu. Alizaliwa kimya, kitovu kimemzunguka shingoni. Yule mama mkwe alimfyonza puani na mdomoni kwa mdomo wake, gari likiwa linakimbia, na walikuwa wameshaipita Makere alipopata sauti. Nilikaa sakafuni kando yao.

Baadaye nikatoka kumshukuru. Alikuwa ameketi kwenye baraza, kichwa wazi, amejikunyata kwa baridi. Joakimu alikuwa kwenye kona ya jengo, hatua tano tu kutoka kwake, ametutupia mgongo na kutazama milima. Hawakusemezana. Nilipoinama kumshika mama mikono aliirudisha, akaanza kuniambia huku ameelekeza uso chini. Hadi leo silijui jina lake.

"Nilimwona kule nyuma," alisema. "Nilikaa juu ya magunia nikifurahi. Nikasema, huyu mkwe wangu ananiheshimu, hata hanipiti. Nilifurahi njia nzima, na ndani ya gari mtu anakufa."

Joakimu hakusogea, lakini niliona mabega yake yamesimama.

"Mwambie mkwe wangu. Akibeba mgonjwa, mimi si mama mkwe. Mimi ni gari tu njiani. Anipite."

Nilijua Joakimu amesikia kila neno. Lakini kwao neno kama hilo halivuki lenyewe, lazima libebwe na mtu, na mtu alikuwa mimi. Nikainuka nikaenda. Hatua tano. Nilipomfikia nilifungua mdomo, na badala ya maneno yakatoka machozi, nikalia mbele yake bila haya, mtu mzima, mwalimu wa watu. Joakimu alinishika bega, akangoja nimalize. Kisha akapiga makofi mawili ya polepole, kama Waha wanavyofanya mbele ya mkubwa, akaniambia nirudi nikamwambie mama kwamba ameambiwa.